Paa bapa au paa la vigae: lipi linadumu kwa nyumba ya kuishi pwani?

Kajenzi Kadogo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nyumba ni ya chini, mita 12 kwa 10, ipo Kigamboni, kama kilomita moja kutoka baharini. Kuta zimefika juu na lenta imefungwa. Ramani moja ina paa la kuficha nyuma ya parapeti (ukuta mfupi unaopanda juu ya paa), na mchoraji ametoa chaguo mbili: slabu ya zege, au bati lenye mteremko mdogo. Ramani nyingine ina kenchi za kawaida na vigae vile ambavyo madukani wanaviita "shingles".

Suala la lipi linapendeza tuliache. Nataka kujua lipi linadumu, linaanzia wapi kuharibika, na matengenezo yake yanakuja baada ya muda gani.

Mpauaji

Mkuu, kabla ya yote nenda dukani ukishike hicho kigae mkononi, maana jina hilo moja wanalitumia kwa bidhaa mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kigae cha lami. Ndani kuna mkeka wa nyuzi za kioo uliojazwa lami, na juu wamenyunyizia chembe za mawe. Kinakunjika, kinakatwa kwa kisu, na hakikai bila kutandikiwa plaiwudi paa zima. Ya pili ni bati la chuma la milimita 0.4 hadi 0.5, limepakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, kisha likagandishiwa chembe za mawe. Hilo linakatwa kwa mkasi wa bati na kupigiliwa juu ya papi (mbao nyembamba zinazolazwa juu ya kenchi), plaiwudi ya nini. Beba sumaku: ikinata, ni bati.

Kigae cha lami kinamalizwa na jua. Cha bati kinamalizwa na chumvi. Kigamboni vyote viwili vipo, kwa hiyo ukiambiwa "miaka 50 dhamana", omba cheti ukisome hadi mwisho. Dhamana nyingi za bati huziacha nje nyumba zilizo karibu na bahari, na zile za lami hupungua thamani kila mwaka unaopita.

Zege na Nondo

Niseme la slabu, kwa sababu huwa linachanganywa. Slabu ina maisha mawili. Zege lenyewe, likimwagwa vizuri na nondo zikafunikwa vya kutosha, litakuzidi umri. Ngozi ya kuzuia maji iliyo juu yake haifiki huko. Karatasi ya lami ya kuchoma kwa gesi, tabaka moja la milimita 4, hesabu miaka 10 hadi 15 kwa jua letu. Tabaka mbili zilizofunikwa zinaweza kupita miaka 20. Anayeuza slabu kama paa la "jenga usahau" anazungumzia zege peke yake.

Na zege peke yake halizuii maji. Linapanuka na kusinyaa kila siku: kwa kila mita 10, joto likipanda nyuzi 30 linarefuka milimita 3 hivi. Hapo ndipo nyufa nyembamba zinapoanza, na dawa ya kuchanganya kwenye zege haizibi ufa uliotokea baadaye. Maji ya chumvi yakizifikia nondo, kutu inavimba mara kadhaa ya ujazo wa chuma kilicholiwa na kuisukuma plasta ya chini idondoke. Wengi wanadhani plasta ilikuwa mbovu, wanapiga nyingine, nayo inadondoka. Kwa umbali wako wa bahari, zege linalofunika nondo lisipungue milimita 40, na vitofali vya kushikilia nondo viwe vya zege. Vipande vya kokoto au mbao ni kualika kutu.

Mvita Juu

Hapa Mombasa, na Lamu na Unguja pia, nyumba za mawe za zamani zilikuwa na paa bapa: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe, kisha chokaa iliyopondwa. Boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba, mita 2.5 hadi 3, basi. Lakini tazameni yaliyofuata. Lamu watu wakaweka makuti juu ya dari bapa. Mji Mkongwe wakapandisha mabati ya mteremko juu ya paa zilezile. Muscat, Omani, hupata milimita 100 hivi za mvua kwa mwaka, Unguja hupata 1,500 na zaidi. Paa linalofaa Muscat liliwekwa mahali penye mvua zaidi ya mara kumi, likavuja.

Tembe za Wagogo ni paa bapa la udongo na zinakaa, kwa sababu Dodoma mvua haifiki milimita 600. Paa bapa ni la nchi kavu.

Zege na Nondo

Mvita, hoja nzuri ila ya chokaa. Karatasi ya lami haijali mvua ni milimita ngapi kwa mwaka, inajali maji yanatuama muda gani. Slabu yenye mteremko na midomo ya kutolea maji ya kutosha haivuji Unguja wala Bukoba. Tatizo ni kwamba watu wanaandika "flati" kwenye ramani na fundi anaisoma hivyohivyo, anaimwaga flati kweli.

Mteremko ulioisha usiwe chini ya 1 kwa 80, yaani kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 80. Kwa sababu fomu (mbao za kumwagia zege) hulegea na mkono wa fundi haulingani, panga 1 kwa 40 ili upate 1 kwa 80. Na mteremko huo uufanye kwenye fomu, slabu yenyewe iiname. Ukimwaga slabu ya usawa kisha ukatafuta mteremko kwa mchanga na sementi, hesabu yake ni hii: mita 10 kwa 1 kwa 80 ni milimita 125. Ukianza na unene wa 40 unamaliza na 165, wastani 100 na kidogo. Hiyo ni kilo 200 na zaidi kwa mita ya mraba, yaani tani 24 na ushee za mchanga juu ya nyumba yako bila kazi nyingine.

Bi Makadirio

Hapo kwenye uzito ndipo nilitaka kuja. Kajenzi, umesema lenta imefungwa. Msingi ulichimbwa kwa ajili ya paa gani?

Slabu ya milimita 150 ni kilo 360 kwa mita ya mraba. Kwa mita 120 za mraba ni tani 43, hapo sijaweka parapeti, tenki, wala maji yaliyotuama. Vigae vya lami pamoja na plaiwudi yake ya milimita 12 ni kilo 20 hivi kwa mita ya mraba, ukiongeza mbao za kenchi zinafika 30 hivi. Vigae vya bati ni kilo 6 hadi 7. Huwezi kubadili mawazo kutoka kilo 30 kwenda 400 baada ya ukuta kusimama.

Na maji nayo ni mzigo. Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni kilo 1. Mdomo ukizibwa na jani la mwembe na maji yakasimama milimita 50, una tani 6 juu.

Kajenzi Kadogo

Tofali ni za inchi 6, hakuna nguzo. Lenta ina nondo 4 za milimita 12. Sebule ni mita 5 kwa 6. Msingi ulijengwa kwa ramani ya kenchi.

Bi Makadirio

Basi slabu iweke pembeni mpaka mhandisi wa majengo akupigie hesabu ya msingi, nguzo na mhimili wa sebule. Si suala la kuulizana humu.

Zege na Nondo

Naunga mkono. Sebule ya mita 5 bila mhimili wala nguzo, hapana. Ila kwa wasomaji wengine ambao msingi wao unaruhusu, namalizia utaratibu, maana uzi huu utasomwa na wengi.

Slabu imwagiliwe siku 7 kwa uchache, 14 ni bora, kwa magunia au kwa kuzungushia mchanga na kuifurika. Kisha iachwe ikauke. Karatasi ikichomwa juu ya zege bichi, mvuke unatafuta pa kutokea, unakosa, unainua malengelenge. Kupima ni rahisi: bandika nailoni ya mita 1 kwa 1 kwa gundi pande zote, iache usiku kucha hadi mchana. Ukikuta umande chini yake, subiri.

Kona ya slabu na parapeti ijazwe mchanga na sementi kwa mshazari wa milimita 50, kwa sababu karatasi ikikunjwa pembe kali inapasuka hapohapo. Praima ya lami (lami nyepesi ya kupaka kwanza) lita 0.3 kwa mita ya mraba. Karatasi inaanzia sehemu ya chini kabisa, penye mdomo wa maji, ikipanda, ili kila mpandano uangalie mteremko. Mpandano wa ubavuni milimita 100, wa mwisho wa roli 150, na miisho isikutane mstari mmoja. Fundi achome hadi lami itoke ukingoni kama mstari wa milimita 5 hadi 10. Usipouona mstari huo, hapo hapajashika hata kama pamelala vizuri. Ukutani ipande milimita 150 juu ya uso uliomalizika na kuingizwa kwenye mfereji uliochongwa ukutani, au ibanwe kwa mkanda wa alumini.

Roli la mita 1 kwa 10 likitoa mpandano linafunika mita 8.9 hivi. Kwa slabu ya 120 na kupanda ukutani ni mita 133 za mraba: roli 15, nunua 16. Praima ndoo mbili za lita 20.

Halafu ziba midomo, jaza maji ya kimo cha milimita 50 kwa saa 48, kabla fundi hajalipwa mwisho. Slabu ihimili hayo maji, bila shaka.

Bi Makadirio

Midomo ya maji, kwa wenye slabu na wenye mfereji nyuma ya parapeti. Mvua ya masika ikipiga milimita 100 kwa saa kwenye mita 120 za mraba, ni lita 3.3 kwa sekunde. Bomba la milimita 100 lenye kina cha maji cha milimita 30 juu ya mdomo wake hupitisha lita 2 na kidogo tu kwa sekunde. Kipimo cha bomba si tatizo, tatizo ni namna maji yanavyoingia mdomoni. Kwa hiyo mdomo mmoja hautoshi, weka miwili, na kama unataka usalama wa milimita 150 kwa saa weka mitatu. Zaidi ya hapo toboa parapeti uweke bomba la dharura, chini ya mwisho wa karatasi ukutani. Likianza kumwaga nje, majirani watakuambia mdomo umeziba kabla dari lako halijakuambia.

Fundi Tochi

Nyongeza ndogo: karatasi nyingi haziharibiwi na mvua, zinaharibiwa na wafungaji wa dishi na stendi za tenki. Bolti moja iliyozama kwenye slabu imeua kazi yote. Jenga vitalu vya zege kabla ya karatasi, uvifunike nayo, kila kitu kikae juu ya vitalu hivyo.

Kajenzi Kadogo

Nimeelewa, slabu naiacha. Sasa bati la kuficha dhidi ya vigae. Mchoraji anasema bati la kuficha ni lilelile la kawaida, ila halionekani.

Mpauaji

Halionekani, ndiyo shida yake. Bati lenye uvungu (sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta) unaotoa maji nje ya nyumba likivuja ukingoni, maji yanaanguka chini. Bati la kuficha linapeleka maji yote kwenye mfereji ulio juu ya ukuta wako, ndani ya parapeti. Likikosea milimita, maji yapo chumbani.

Kama utalifanya, masharti ni haya. Mteremko nyuzi 5 au zaidi kwa bati la migongo mipana na mirefu. Bati la mawimbi madogo lisishuke chini ya nyuzi 10. Bati liwe kipande kimoja kutoka juu hadi mferejini, bila kuunga katikati, kwa sababu kwenye mteremko mdogo upepo unasukuma maji yapande kwenye kiungo. Upana wa mfereji milimita 300 au zaidi, siyo kwa ajili ya maji, ni ili mguu wa mtu uingie kusafisha. Mwisho wa bati uingie mferejini milimita 50. Na mfereji wenyewe uwe na mteremko. Mifereji mingi ya zege ya nyuma ya parapeti imelala usawa, inaota majani.

Kiungo cha bati na ukuta ndicho kinachovuja kuliko vyote. Silikoni iliyopakwa pembeni haikai, jua linaichana. Chonga ukuta kina cha milimita 25, ingiza bati la kuziba, lishuke juu ya mgongo wa bati la paa. Kisha juu ya parapeti pawe na kofia ya zege au bati, yenye mwinamo wa kuingia ndani na mchirizi chini ya ukingo wake. Parapeti isiyo na kofia inanyonya maji kutoka juu, yanashuka ndani ya tofali, yanatokea sebuleni chini ya dari, halafu watu wanapanda kuziba misumari ya bati ambayo haina kosa.

Mtu wa Bukoba

Geji je? Huku watu wanaficha geji 30 kwa kuwa "halionekani".

Mpauaji

Geji 30 ni kama milimita 0.3. Kwenye paa la kuficha mtu atapanda kila msimu kusafisha mfereji, kwa hiyo atalikanyaga. Chukua 28 kwa uchache, pwani 26 kama mfuko unaruhusu (namba ikipungua, bati linanenepa). Mteremko mdogo pia haujisafishi: chumvi na vumbi vinalala pale, bati linaoza mapema kuliko lilelile lililoinuliwa.

Fundi Tochi

Turudi kwenye vigae. Mimi ningemwambia achukue vya lami, haviozi kwa chumvi.

Mpauaji

Haviozi vyenyewe, ila misumari na plaiwudi vinaoza. Tuvipitie.

Mteremko wa kawaida wa kigae cha lami ni nyuzi 18 na kuendelea. Kati ya 9.5 na 18 unatandika karatasi ya chini mara mbili. Chini ya 9.5 hakiwekwi kabisa. Plaiwudi iwe ya marini (inayostahimili maji), milimita 12 kwa mapao (mbao za mteremko za kenchi) yaliyoachana milimita 600, na kati ya shuka na shuka acha milimita 3. Fundi akizibana, mvua ya kwanza ikizilowesha kabla ya kufunikwa, zinavimba na paa linapata matuta ambayo hayaondoki.

Misumari minne kwa kila kigae, sita penye upepo wa bahari, ya mabati yenye kichwa kipana, na ipite hadi ng'ambo ya plaiwudi. Hapa ndipo vigae vingi hufia: msumari ukipigwa kupita mstari uliochorwa, upande wa juu, haushiki kigae cha chini yake, na upepo unakichomoa. Ukipigwa kwa nguvu hadi kichwa kizame, unakata mkeka. Kila kigae hushikwa na misumari yake na ile ya mstari wa juu yake, ndiyo maana kubadilisha kimoja unang'oa minane.

Kuhusu jua, uso wa rangi nyeusi unafika nyuzi 70. Mafuta ya lami yanakauka, chembe za mawe zinadondoka, ncha zinakunjamana. Dalili ya kwanza utaikuta kwenye gata (mfereji wa ukingoni mwa paa): mchanga mweusi mzito. Kidogo mwaka wa kwanza ni kawaida, ukiongezeka miaka ya baadaye kigae kinamalizika. Kwa pwani hesabu miaka 15 hadi 20 ya kweli, dhamana iseme itakavyo. Nafasi kati ya dari na paa ipumue: kwa dari la mita 120 za mraba, jumla ya matundu mita 0.4 ya mraba kwa uchache, nusu chini kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) na nusu juu kwenye kofia (kifuniko cha mgongo wa paa). Bila hivyo lami inapikwa pande zote mbili.

Bi Makadirio

Na vya bati?

Mpauaji

Mteremko nyuzi 15 na zaidi. Papi kila milimita 370, ukikosea kipimo vigae havifungani. Misumari inapigwa usoni, kwenye pua ya kigae, siyo juu, ndiyo maana upepo hauving'oi kirahisi. Ubaya wake uko kwenye mikato: kila kigae kilichokatwa kwenye vale (bonde ambapo miteremko miwili ya paa inakutana) na kofia kimeacha chuma wazi. Kipakwe rangi ya kurekebishia ya kiwanda siku hiyohiyo. Usiruhusu fundi akate kwa grainda, cheche zinaunguza mipako ya vigae vya jirani.

Mambo mawili yanayosahaulika. Alumini na zinki haipatani na sementi mbichi, kwa hiyo bati lisizikwe kwenye plasta penye ukuta. Na mbao zilizotibiwa kwa dawa yenye shaba zikiwa bado mbichi zinakula bati linalozigusa, ziache zikauke. Pwani, kutu huanzia chini ya ukingo wa paa, mahali mvua haifiki kuosha chumvi. Mpira wa maji mara mbili kwa mwaka pale chini unaongeza miaka kuliko rangi yoyote.

Mvita Juu

Na weusi unaopanda kwenye vigae vya lami? Hapa kila nyumba inao.

Mpauaji

Ni vijidudu vya kijani-buluu, havitoboi. Ukanda wa zinki chini ya kofia unavipunguza. Mashine ya maji ya presha usiguse, inaondoa chembe za mawe.

Kajenzi Kadogo

Naenda na vigae vya bati, kenchi za nyuzi 22.5, uvungu milimita 600. Dada Makadirio, nipe hesabu.

Bi Makadirio

Eneo la chini na uvungu: 13.2 kwa 11.2, mita 148 za mraba. Zidisha 1.082 kwa mteremko, unapata 160. Vigae 2.1 kwa mita ya mraba ni 336, ongeza asilimia 7 ya mikato, nunua 360. Kama paa lina mabonde mengi, asilimia 12. Papi mita 450 hivi. Misumari mitano kwa kigae, 1,800, ya rangi ileile. Kofia na bati la vale pima kwenye kenchi zilizosimama, siyo kwenye ramani.

Vyote vitoke toleo moja la kiwanda, angalia namba kwenye pakiti, kwa kuwa rangi hutofautiana toleo na toleo. Vigae kumi vya ziada vihifadhi ndani, visilale juu ya sakafu ya sementi.